Busta Likija Mtaani: Maswali ya Kwenda Nayo Barazani

Tangazo hubandikwa ukutani karibu na duka au msikiti, na jua halijafika utosini mtaa mzima umeshajua kuwa kuna kampuni inataka kusimamisha mnara wa simu, yaani busta. Jioni sauti za kurekodiwa zimeshaanza kuzunguka kwenye WhatsApp: busta linaleta saratani, busta linatoa mimba, busta linakausha minazi. Mimi nilifanya kazi chumba cha eksirei hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na naishi Kisauni, kwa hiyo majirani wakishasikiliza sauti hizo huja kwangu. Naandika mwongozo huu kwa jambo moja linaloniuma. Watu wenye haki kamili ya kuuliza huenda barazani na swali ambalo mhandisi wa kampuni ameshalijibu kila mahali, hata halimshughulishi tena, na yale ambayo yangemtoa jasho hayaulizwi na mtu.

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza uwe wa mambo ya juu ya mnara, yaani antena na mawimbi yake. Wa pili uwe wa mambo ya chini: jenereta, betri, uzio, msingi. Wa tatu uwe wa karatasi: ardhi ni ya nani, nani ametia saini, leseni iko wapi. Usiyachanganye. Baraza huharibika pale mmoja anapolilia saratani, mwingine anadai vijana wapewe kazi, wa tatu anauliza kodi ya kiwanja, na chifu anafunga kikao bila jibu hata moja kuandikwa.

Mambo ya juu

Mionzi ya eksirei na mawimbi ya simu ni vitu viwili mbali. Kazini nilivaa beji kifuani ya kuhesabu mionzi iliyonipata, na kila tulipompiga mgonjwa picha tulisimama nyuma ya kizuizi chenye madini ya risasi. Tulikuwa na sababu. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, na ikifanya hivyo ndani ya seli inaweza kukata DNA. Uharibifu huo ndio unaoweza kuja kuzaa saratani baada ya miaka. Mawimbi ya simu, ya Wi-Fi na ya redio hayana nguvu hiyo. Kwa upande huo hata mwanga wa taa ya sebuleni unayashinda, na wingi wa minara hauyapi uwezo wa kung'oa elektroni. 5G inayotumika kwenye simu zetu nayo haitoki nje ya hapo: masafa yake makuu yako jirani na yale ambayo Wi-Fi imeyatumia nyumbani miaka yote. Kinachojulikana kwa hakika kuwa mawimbi haya huufanyia mwili, yakiwa makali, ni kuupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa ili joto hilo lisifikie kudhuru.

Viwango vyenyewe viandike kwenye daftari, maana mhandisi akiona unavijua ataongea nawe kwa adabu nyingine. Tume ya kimataifa iitwayo ICNIRP, ambayo nchi nyingi hufuata miongozo yake, iliirekebisha mara ya mwisho mwaka 2020. Kwa raia wa kawaida, kwenye masafa ya megahezi 900, kikomo ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Kuanzia megahezi 2,000 kwenda juu ni wati 10. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango hivyo.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "Hili busta litatuua?", uliza hivi: "Nani atapima nguvu ya mawimbi, lini, antena zote zikiwa zimewashwa, na pale dirishani kwa jirani yetu itakuwa asilimia ngapi ya kikomo?" Swali la kwanza hujibiwa kwa tabasamu. La pili halijibiki bila namba, na namba ikishatajwa mbele ya watu inakuwa ahadi.

Chagua vizuri pa kupimwa. Antena haimwagi mawimbi chini ya miguu yake. Huyapeleka mbele, yakiinama kidogo. Mama wa viazi karaii aliyeweka meza ubavuni mwa uzio hupata machache kuliko mtu wa ghorofa ya nne anayetazamana na antena uso kwa uso. Siku hizi Kisauni, Tudor na Nyali maghorofa yanapanda kila kona, na mnara uliokuwa juu ya vichwa vya wote jana, leo umelingana na chumba cha kulala cha mtu.

Na kama antena zinawekwa juu ya paa la ghorofa mnaloishi, hapo usikubali maneno matupu. Mita chache mbele ya antena, mawimbi yanaweza kuvuka kikomo cha raia, na hapa kwetu paa si pa kupita njiwa tu. Ndiko tunakoanika nguo, ndiko kwenye matangi ya maji, ndiko watoto wanakorushia tiara. Dai kizuizi cha chuma, kibao cha onyo kwa Kiswahili, na jina la mwenye ufunguo. Fundi wa matangi naye aambiwe asimame wapi, na kampuni izime antena kama lazima apite mbele yake. Katika habari yote ya mawimbi, hili la paa ndilo ningeligombania mpaka mwisho.

Sasa, kuna mtu atakayesimama aseme Shirika la Afya Duniani limekiri kwamba simu ni saratani. Usimzomee, kwa sababu kuna jambo la kweli nyuma ya maneno yake. Mei 2011, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani huko Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Humo kwenye 2B mna dondoo la jani zima la shubiri na achari za mboga za jadi za Asia. Kahawa ilikuwamo kwa ajili ya saratani ya kibofu, ikatolewa mwaka 2016. Na mwaka huo huo vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, vikawekwa kundi la 2A, zito kuliko la simu, kwa ajili ya saratani ya umio. Wale wazee wanaokunywa kahawa tungu ikitoka tu kwenye dele, bila hata kuipuliza, wana la kujiuliza kabla ya busta.

Tafiti kwa watu ziko nyingi. Ile iitwayo Interphone, ya nchi 13, ilitoka mwaka 2010 na kwa jumla haikuona saratani ya ubongo ikiongezeka kwa wenye simu. Kwenye ile sehemu moja ya kumi ya walioongea kwa simu saa nyingi zaidi palionekana ongezeko, ila watafiti wenyewe walisema kumbukumbu za wagonjwa na namna watu walivyochaguliwa huenda ndivyo vilivyolizaa. Denmark waliwafuatilia wateja wa simu zaidi ya laki nne, hawakuona uhusiano. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliopitia tafiti 63, nao haukukuta kwamba simu zinahusiana na saratani ya ubongo.

Msiyafiche na yale yanayokwenda upande wa pili. Marekani, mpango wa serikali wa kuchunguza sumu, NTP, ulitoa ripoti mwaka 2018 ya panya waliowekwa kwenye mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa miaka miwili. Panya dume walionekana kupata uvimbe kwenye moyo kuliko wenzao. Panya jike haikuwa hivyo, na hao dume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa. Utafiti huo ni halali, na mwenye kuuficha barazani anawapa watu sababu ya kutomwamini kwa kila kitu kingine. Ueleze wote, na mkia wake.

Habari ya 5G na korona inamalizika kwa tarehe mbili. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Majaribio ya 5G nchini yalianza Machi 2021. Uingereza watu walichoma minara Aprili 2020 kwa uvumi huo, na kuna watu waliokosa mtandao wakati ambapo kupiga simu kwa daktari kulikuwa na maana kuliko siku zote.

Jirani akikwambia tangu busta lisimame kichwa kinamuuma na halali, msikilize mpaka mwisho. Usimwambie anajitungia. Maumivu yake yapo. Yamefanywa majaribio mengi ambapo watu wanaosema wanahisi mawimbi huwekwa chumbani bila kujua kama mtambo umewashwa au umezimwa. Mapitio ya mwaka 2005 yalikusanya majaribio 31 ya namna hiyo, na kwa jumla hawakuweza kutambua, ila dalili ziliwapata hata mtambo ukiwa umezimwa. Hofu peke yake inaweza kumuumiza mtu kichwa kweli. Lakini kabla hujaisingizia hofu, mpeleke akapimwe presha na macho. Na usiku nenda ukasimame chumbani kwake usikilize jenereta.

Mambo ya chini

Hapa ndipo ningetaka mtaa uweke nguvu zake. Juni 2012 IARC hiyo hiyo iliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la 1, pamoja na tumbaku: unasababisha saratani ya mapafu, bila "huenda". Minara mingi ina jenereta ya dizeli chini yake, ya kushika umeme ukipotea. Watu wote wametupa macho juu kwenye antena, na kitu ambacho ushahidi wake umekamilika kiko chini, kinapumua usawa wa dirisha.

Kuna mnara niliitwa kuutazama, si mbali na kwangu, umepakana na madrasa. Mzee wa mtaa alinipeleka kwa sababu ya mawimbi. Nikamwomba mwalimu anifungulie chumba. Wavu wa mbu wa dirisha la upande ule ulikuwa umeshika weusi, na nilipopitisha kitambaa cheupe kwenye kizingiti kilitoka na masizi ya mafuta, yale yanayonata, yasiyotoka kwa maji baridi. Bomba la moshi la jenereta lilikuwa limeelekezwa pale pale. Mwalimu akasema, "Bi mkubwa, hii mashine ikiwaka twafunga madirisha, na watoto wapikika kwa joto." Watu walikuwa wamepeleka malalamiko ya saratani ya mawimbi kwa muda mrefu bila jibu. Tukaandika barua mpya yenye picha ya wavu na ya bomba, tukataja dizeli na kundi la 1, tukaomba bomba lipandishwe na kugeuzwa. Mafundi walikuja wakaligeuza.

Kwa hiyo uliza. Mnara utatumia umeme wa Kenya Power, sola, au jenereta mchana na usiku? Kama jenereta ni ya dharura, itajaribiwa siku gani na saa ngapi? Imefunikwa kwa kasha la kuzuia sauti? Bomba litatoka juu ya paa za nyumba au usawa wa madirisha? Na hili usilisahau, maana mhandisi aliyekuja na ramani kutoka bara halijui: upepo wetu una misimu miwili. Bomba lililogeuzwa ili moshi uende zake wakati wa kusi, kaskazi ikianza litawarudishia moshi ule ule watu wa upande wa pili. Mchoree kwenye ramani yake pale pale barazani, mbele ya chifu.

Chumvi ya bahari nayo haina huruma na chuma. Mnara ulio karibu na pwani huliwa na kutu kwenye bolti na waya za kushikilia kabla ya rangi kubabuka. Omba ratiba ya ukaguzi na jina la ofisi inayokagua. Uliza mnara una urefu gani na nyumba ya karibu iko umbali gani. Uliza kiongoza radi kimezikwa wapi. Tangi la dizeli liwe ndani ya karo la zege ili mafuta yakivuja yasiingie kisimani, kwa sababu nyumba nyingi za Kisauni bado zinategemea maji ya kisima. Na uzio uwe wa kufungwa kweli. Watoto wetu wanapanda kila kilicho na ngazi.

Simu iliyo mkononi

Anayeogopa mawimbi na bado anataka kupunguza yake, aanze na simu, maana inagusana na kichwa chake. Nguvu za mawimbi hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali, kama joto la jiko la makaa: sogea mara mbili ya umbali na hubakiwi na nusu, unabakiwa na robo. Tumia spika au waya wa masikioni ukiongea kwa muda mrefu. Andika ujumbe pale ambapo simu haina lazima. Mkiwa mahali mtandao ni hafifu, ndani ya lifti au kwenye gari linalokwenda mbio, subiri, kwa sababu simu huongeza nguvu yake ili ifikie mnara ulio mbali. Hapa kuna jambo linalowashangaza watu nikiwaambia: kulifukuza busta mtaani kunaweza kuzifanya simu zetu zisukume mawimbi makali zaidi karibu na vichwa vyetu.

Simu nyingi, ukibonyeza *#07#, huonyesha SAR, yaani kiasi cha nishati ambacho mwili hufyonza. Kikomo cha ICNIRP kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo. Viwango hivi si pambo. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuipima ikiwa mkononi na kupata wati 5.74 kwa kilo, na kikomo cha Ulaya kwa mikono na miguu ni 4; kampuni ikatoa programu ya kurekebisha. Simu bandia haijapimwa na mtu. Ndiyo maana nawaambia vijana wa nyumbani wasikimbilie bei ya kutupwa. Simu chini ya mto usiku nayo iondoke, kwa ajili ya usingizi na kwa ajili ya betri inayoweza kushika moto, hata kama mawimbi hayakutii wasiwasi.

Mambo ya karatasi

Watu wa Mombasa hawaogopi bure. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia watu madini ya risasi katika damu, na waliolalamika mwanzoni walionekana wakorofi. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi walifika mahakamani na vipimo vya damu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ikawapa haki wakazi Desemba 2024. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kiasi hiki. Mtaa wenye namba husikilizwa na hakimu.

Anza na ardhi. Hapa kwetu kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Analipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa mtu ambaye huenda hata haishi mtaani. Mwenye ardhi anaweza kutia saini mkataba wa mnara na wenye nyumba wakajua siku mchanga unapomwagwa. Kwa hiyo uliza nani ametia saini, na dai majina ya wanaodaiwa kukubali yasomwe kwa sauti. Saini za maiti na za wapangaji waliohama huonekana hapo.

Kisha omba nakala ya ripoti ya mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kibali cha ujenzi cha kaunti. Upande wa Changamwe na Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, uliza na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katiba inakupa haki ya habari kwenye kifungu cha 35 na haki ya mazingira safi kwenye kifungu cha 42. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu, kwa hiyo peleka barua kwa mkono na upigiwe muhuri kwenye nakala yako, wenye tarehe. Siku hizo zikipita kimya, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

NEMA ikishatoa leseni, mwenye malalamiko ana siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile ya NET. Wengi huzipoteza wakisubiri baraza la pili ambalo haliitishwi. Hesabu kuanzia siku leseni ilipotolewa, si siku mlipouona mnara. Na kumbukumbu za baraza ziandikwe na mtu wenu, zisomwe kabla watu hawajasimama, mhandisi atie saini chini ya kila namba aliyoitaja, kisha mzipige picha na kuzituma kwenye kundi la mtaa usiku huo huo.